Foleni ya Mawe kwenye Benki ya Zamani

Mimi ni Mlutheri, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na kwa mganga sijawahi kukanyaga hata zile siku wifi zangu waling'ang'ana niende. Nakutangulizia hayo ili usinitazame kwa jicho hilo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nimeshiba, sina homa, na Mungu ananisikia ninavyoyasema. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele huko hamu itakuisha.

Jengo lenyewe huenda umelipita mara nyingi pale mjini Arusha ukidhani ni duka tu kama maduka mengine. Lile la mawe meusi. Waingereza ndio waliolijenga wakalifanya benki, na mawe waliyachongesha huku huku chini ya Mlima Meru. Kuta zake ni nene kiasi kwamba ukiegemea dirishani unalaza mkono mzima na vidole visifike nje. Barazani kuna nguzo, na milango ya mvule yenye vitasa vya shaba, mizito, mpaka uisukume kwa bega. Ndani dari imepanda juu kama ya kanisa. Babu yangu, aliyekuwa akiteremka kutoka Machame kwa mambo ya kahawa, alisema dari ile iliwekwa juu makusudi ili mtu akiingia avue kofia kabla hajaambiwa. Nyuma ya kaunta ukutani kulikuwa na msumari. Kwanza ulibeba picha ya mfalme wao, kisha ya malkia wao, halafu mabenki yakataifishwa ukabeba picha ya rais wetu. Msumari ni ule ule.

Lakini mimi nilichokipenda ni sakafu. Terazo ya kijivu yenye punje nyeusi, imesuguliwa ikang'aa, isipokuwa mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kaunta. Pale palikuwa pamelika. Si sana, ila ukipita na kiatu chembamba unasikia unyayo unashuka kidogo. Ni miguu ya watu waliosimama foleni, miaka nenda miaka rudi, wakisogea kidogo kidogo. Na miguu yangu imo.

Wewe uliyezaliwa juzi hujui foleni. Leo ukikuta watu wawili mbele yako kwenye mashine ya fedha, unasonya. Enzi zetu mishahara ya serikali ilipitia pale, na mwisho wa mwezi watu walifika kabla jogoo hajawika. Sasa nani atasimama tangu alfajiri na ana nyumba ya kuhudumia? Ndipo ukaja utaratibu wa mawe. Unakuja na jiwe lako, unaliweka kwenye mstari, unakwenda zako kutafuta chai. Jiwe linakusimamia. Wengine waliweka kapu, ndala, kopo la mafuta. Na kitu cha mtu kiliheshimiwa, niamini. Ila sheria ilikuwa hiyo hiyo kwa wote: mstari ukisogea mpaka kwenye jiwe na mwenyewe hayupo, linapigwa teke pembeni na hakuna kesi.

Tulizoea foleni mpaka ikawa ugonjwa. Ukiona watu wamejipanga, unaunga kwanza, kuuliza wamejipangia nini ni baadaye. Mimi niliwahi kuunga moja nikiamini ni ya sukari, kufika mbele nakuta ni ya kumuaga marehemu. Ningefanyaje? Nikainama, nikatoa heshima zangu, nikatoka na kikapu kitupu.

Mume wangu nilimpata kwenye mstari ule wa benki. Nilikuwa mchora ramani idara ya ujenzi, binti mwembamba mwenye mdomo. Asubuhi hiyo niliacha nusu tofali nikaenda kunywa uji, niliporudi nakuta limepigwa teke mpaka mtaroni. Nikalalamika, nikabembeleza, wapi! Wakanionyesha mwisho wa foleni kwa vidole. Karibu kabisa na kaunta alisimama kijana mrefu, mkimya, na kando ya mguu wake jiwe jeusi la mtoni lenye mstari wa rangi nyeupe. Akaliokota. Akatembea nalo mpaka mwisho wa watu wote, akaliweka nyuma yangu. Nikamuuliza kama ana kichaa. Akasema hapana, hana haraka tu.

Sasa mimi Mchaga, na sifa zetu unazijua. Tukisikia mtu hana haraka tunamwona mgonjwa. Lakini huyu Mmeru wa Maji ya Chai, msaidizi wa wapima ardhi, alinipata pale pale. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi nilikuta jiwe lile lenye mstari mweupe, na pembeni yake pengo la kunitosha. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, nimekushikia nafasi. Wenzangu waliambiwa nakupenda na barua zenye maua. Mimi niliambiwa hivyo, na sikuwahi kutamani neno lingine.

Tulioana, akazaliwa Neema, tukapata kiwanja Sekei tukaanza kujenga wenyewe. Jumamosi tulipima msingi kwa futi kamba ya kazini kwake, ile ndefu ya kitambaa, yeye ncha ile mimi ncha hii. Migomba ilituzuia kuonana, kwa hiyo alipokuwa tayari alivuta kamba mara mbili, polepole, nami nikasoma kipimo. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile kamba kiganjani.

Elia alikuwa bado anatambaa baba yake alipokwenda kupima mashamba upande wa nyuma ya mlima, akanyeshewa kutwa nzima. Akarudi na kichomi. Wiki haikuisha. Tulimzika Maji ya Chai katika shamba la kwao, na nyumba yetu haikuwa hata na bati. Pale kaburini, mchungaji alipotupa nafasi ya kutupia udongo, nilisema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Tangulia, Baba Neema. Unishikie nafasi." Wanawake wakalia zaidi. Nami nilisema kwa uchungu tu, kama watu wanavyosema.

Basi miaka ikaingia ile ya ruksa na soko huria. Mitumba ikajaa, maduka ya kubadilisha fedha yakaota kila kona, na serikali ikatupunguza kazini. Nikaenda kuchora kwenye ofisi ya mkandarasi mmoja mdogo. Benki nayo ikafunga tawi lile na kuhama, jengo likapangishwa kwa tajiri aliyetaka duka kubwa la kisasa, lile la mtu kujichukulia mwenyewe na kikapu. Kazi ya kupima ukumbi kabla ya kuvunja kaunta ikaniangukia mimi.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa saba, kwenye ile baridi yetu ambapo mlima hauonekani siku nyingi. Umeme ulikuwa wa mgao, na siku hiyo haikuwa zamu yetu. Ndani mwanga ulikuwa ule unaopenya kwenye nondo za madirisha. Mwashi wetu, Mzee Shabani wa Ngarenaro, alinichomekea pete ya ncha ya futi kamba kwenye msumari mdogo uliotokeza kwenye ubao wa kaunta, akaniaga. Yeye na vijana wake walikuwa wanakwenda msikitini kuswali. Nikabaki peke yangu.

Nikatembea na futi kurudi nyuma kuelekea mlangoni, sanduku lake la kukunjia kamba mkononi. Katikati ya ukumbi kamba ikalegea, ikabonyea. Nikasema kwa mazoea, bila kufikiri: vuta kidogo.

Ikavutwa. Ikanyooka mpaka ikakaza. Halafu ikavutwa mara mbili, polepole.

Mkono wangu ulijua kabla mimi sijajua. Nikainua macho, na kando ya kamba, kwenye ule mstari uliolika, nikaona mawe. Asubuhi sakafu ile ilifagiliwa mbele yangu, haikuwa na hata kokoto. Sasa kulikuwa na mawe, kapu, ndala, kopo, na nusu tofali moja. Kati ya vitu hivyo walisimama watu wachache wamenipa mgongo, wamevaa nguo zao za kwendea mjini zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Karibu na kaunta alikuwa mrefu mmoja mwenye koti la mvua la ofisi ya ardhi. Ncha ya futi yangu ilikuwa mkononi mwake. Miguuni pake jiwe jeusi lenye mstari mweupe, na pembeni pengo.

"Nimekushikia nafasi," akasema. Hakugeuka.

Wewe ungekimbia, sivyo? Watu wote ninaowasimulia husema wangekimbia. Mimi nikuambie ukweli wangu: nilifurahi. Jamani, nilifurahi. Ulikuwa umepita muda tangu azikwe, na bado nilikuwa namtengea kikombe. Nilikuwa nimemmisi mpaka kwenye mifupa. Mlima Meru wenyewe ungesimama kati yetu siku ile ningeupanda kwa kandambili. Nikaenda kwake huku nikikunja kamba, na kila nilipopita jiwe baridi iliongezeka. Nikafika nyuma ya bega lake. Alinukia sabuni ile ya kipande na udongo wenye mvua. Sikio lake lile lile, na kovu la utotoni chini yake. Nikaingiza mguu wa kulia kwenye pengo.

Baridi ilipanda mpaka gotini kama nimekanyaga maji ya mlimani. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia ni ya yule binti mwembamba: "Baba Neema, hii foleni ni ya nini?"

"Hawajasema," akajibu. "Inasogea tu."

Nikachungulia mbele. Nyuma ya kaunta kulikuwa na chumba cha kuhifadhia fedha, kile chenye mlango wa chuma mzito. Mlango ule ufunguo wake ulikuwa umepotea, vijana walikuwa wameupiga nyundo wiki nzima haujatikisika. Sasa ulikuwa wazi. Mtu wa kwanza kwenye mstari akainama, akaingia, na sikusikia hatua yake nyingine. Wote wakasogea. Nyuma yangu mwanamke akanung'unika kwamba mama huyu aingie au atoke, wenzake wamechoka. Nami nilitaka kuingia. Nilikuwa nimekwisha kuinua mguu wa pili.

Mkobani mwangu kulikuwa na sweta. Nilikuwa nimeichambua asubuhi kwenye marobota ya mitumba, ya mtoto, nyekundu, na unajua mitumba inavyonuka ile dawa yao. Nilipoinua mguu mkoba ukabanwa kwapani, harufu ile ikanijia puani. Nikasema, na sijui kwa nini nilisema hilo na si jingine: "Elia hana sweta."

Mstari ukasogea, yeye hakusogea.

"Elia anatembea?" akauliza.

"Anakimbia. Juzi kaanguka, jino limeng'oka."

"Na nyumba?"

"Nimeezeka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyofanya alipoona kipimo kimekaa sawa. Alikuwa amebakiza watu wachache tu kufika. Akainama, akaokota jiwe lake. Akanipita huku uso ameuelekeza ukutani, hakutaka nimwone, na ncha ya futi akaondoka nayo. Sanduku likazunguka mkononi mwangu, kamba ikitoka na kutoka. Akapita mawe yote, kapu, kopo, mpaka mwisho kabisa mlangoni, nyuma ya ndala ya mwisho. Nikasikia jiwe likigusa terazo.

"Sina haraka," akasema.

Kamba ikavutwa mara mbili. Kisha ikalegea, ikaanguka sakafuni.

Nililia pale kwa sauti, sikuona aibu. Sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu alikuwa amekaribia kufika, akarudi mwisho kwa ajili yangu mara ya pili, na safari hii sikuweza hata kumshika koti.

Mzee Shabani aliporudi alinikuta hapo hapo, na ukumbi ni mtupu. Akasimama mlangoni akiangalia chini. Pete ya futi aliyoichomeka kwa mkono wake kwenye kaunta ilikuwa miguuni pake, na kamba imenyooka juu ya ule mstari mpaka kwangu. Hakupiga kelele. Alikuja akanitoa nje, akaniketisha barazani kwenye nguzo, akaninunulia chai ya tangawizi. Nilipomaliza kikombe akaniuliza kama niliingia. Nikamwambia mguu mmoja. Akasoma maneno yake ya dini kimoyomoyo, akasema, "Basi mama, huo mguu utautunza."

Nautunza. Mguu wangu wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Hata nikishuka Moshi kwenye jua lile, navaa soksi. Hospitali wamepima damu, wamepima mishipa, wanasema mimi ni mzima. Mlango wa chuma waliukata kwa gesi, ndani wakakuta rafu tupu na vumbi. Kaunta ya mvule ikauzwa. Terazo wakaifunika kwa vigae vyeupe, na hili usiniamini mimi, nenda ukajionee: vigae vile hupasuka. Si ovyo ovyo, hupasuka mstari mmoja kutoka mlangoni kwenda ndani. Wanabandua, wanaweka vingine, vinapasuka tena pale pale. Tajiri aliwalaumu mafundi, mafundi wakalaumu saruji.

Mimi hununua mahitaji yangu mle. Wapo wanaonishangaa. Nikifika kwenye foleni ya kulipia nawapisha watu, kijana pita, mama pita, mpaka wanaona bibi huyu kachanganyikiwa. Hawajui kwamba nakaa mwisho makusudi, karibu na mlango, kwa sababu mwisho ndiko aliko.

Neema ameolewa Dodoma. Elia amempita baba yake kwa urefu, na jioni nyumba ya Sekei ni mimi na redio. Majuzi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, mpini wa kikapu mkononi, nikahisi kikapu kinavutwa. Mara mbili, polepole. Nilifumba macho. Moyo wangu ulisema ndiyo, sikufichi. Lakini mdomo ukasema taratibu, bado, Elia hajaoa. Mpini ukalegea. Nikalipia mchele wangu, nikarudi nyumbani, nikalia tena kama siku ile ya kwanza.

Kwa hiyo nisikilize wewe unayetikisa kichwa. Siku ukimzika mpenzi wako, na siku hiyo itafika, mwambie apumzike, basi. Usimwambie akungojee, usimwambie akushikie nafasi, hata kama wote wanasema hivyo na mchungaji anaitikia. Mtu mwongo hana neno, atasahau. Lakini kama ulipata mtu wa kutimiza ahadi, huyo atasimama kweli. Atasimama na koti lake lililolowa, akiwapisha wenzake, anarudi mwisho kila akikaribia kufika, na wewe huku utakula, utalala, utacheka na wajukuu, ukijua kwamba yeye bado amesimama.